Kashfa ya Goldenberg na uchumi wa Kenya: uchambuzi wa kisa

Mwishoni mwa mwaka 1990, Hazina ya Kenya iliipa kampuni moja changa, Goldenberg International, haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na vito vya almasi, pamoja na ahadi ya kulipwa asilimia 35 ya thamani ya kila shehena itakayouza. Kenya haikuwa na mgodi wa almasi hata mmoja, na dhahabu ya Kakamega na Migori ilikuwa ya wachimbaji wadogo ambao mavuno yao yasingeweza kujaza hata sehemu ndogo ya shehena zilizokuja kutangazwa baadaye. Miaka mitatu tangu kibali hicho kitolewe, mfumuko wa bei ulifika asilimia 46 kwa mwaka, shilingi ilikuwa imeporomoka, na pato la taifa lilikuwa karibu limesimama kabisa.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi kama hadithi ya wizi. Mimi ninataka kukichambua kama kisa cha uchumi, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mjadala wa utawala bora mara nyingi hulipita juu juu: ni kwa njia gani hasa uamuzi mbovu uliofanyika ofisini hushuka hadi kwenye bei ya unga, mshahara wa mwalimu na kiwanda ambacho hakikujengwa. Hoja yangu ni kwamba fedha zilizochotwa, pamoja na wingi wake, hazikuwa hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa zaidi ilikuwa kuharibiwa kwa vyombo vyenyewe vya kuendeshea uchumi, yaani sarafu, riba na Benki Kuu, na vyombo hivyo havina mbadala katika nchi maskini.

Uhaba uliokuwa wa kweli

Ni haki kuanza na hali iliyokuwapo, maana bila hiyo kibali chenyewe kinaonekana kama wazimu mtupu. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika mwaka 1989 na bei ya zao hilo ikaanguka. Mwaka uliofuata, mzozo wa Ghuba ulipandisha bei ya mafuta. Kenya wakati huo ilikuwa ikidhibiti fedha za kigeni kwa sheria: muuzaji bidhaa nje alitakiwa kuzikabidhi kwa mfumo rasmi kwa kiwango kilichowekwa, na mwagizaji alisubiri kibali ili apate dola za kununulia mashine au vipuri. Pembeni mwa mfumo huo kulikuwa na soko la magendo ambako dola ilikuwa na bei ya juu zaidi. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyejitokeza kuahidi kuleta dola milioni 50 kwa mwaka alikuwa akigusa kidonda kilichokuwa kikiuma kwelikweli.

Mfanyabiashara huyo, Kamlesh Pattni, alikuwa bado katika umri wa miaka ishirini na kitu. Mkurugenzi mwenzake katika kampuni alikuwa James Kanyotu, mkuu wa idara ya ujasusi ya taifa. Jambo hilo la pili ndilo ninaloona kuwa na uzito katika uchambuzi wowote wa utawala. Ofisa wa forodha, karani wa Hazina au meneja wa benki ambaye angetaka kuuliza dhahabu inatoka wapi alijua fika kwamba swali lake lingeishia mezani kwa nani.

Malipo yenyewe yaliegemea sheria ya mwaka 1974 ya kuwafidia wenye viwanda wanaouza bidhaa nje. Lengo la sheria hiyo lilikuwa la maana. Mwenye kiwanda aliyeagiza malighafi na kutozwa ushuru alikuwa hawezi kushindana nje ya nchi, basi Serikali ilimrudishia sehemu ya gharama kwa kumlipa asilimia 20 ya thamani ya mauzo yake. Goldenberg haikuwa na kiwanda cha aina hiyo, na asilimia 15 za ziada hazikuwamo katika sheria. Zililipwa kama malipo ya hisani, kwa uamuzi wa Hazina. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilisema malipo hayo hayakuwa halali.

Namna shilingi ilivyozungushwa

Ili kuelewa madhara ni lazima tufuate hesabu yenyewe. Chukua mfano wa mtu anayetangaza kwamba ameuza nje dhahabu ya shilingi milioni 100. Ili alipwe fidia, anatakiwa aonyeshe hati za forodha na aonyeshe kwamba fedha za kigeni za thamani hiyo zimeingia. Hati za forodha zinaweza kughushiwa au kupigwa muhuri na ofisa asiyeuliza. Fedha za kigeni zinaweza kununuliwa hapa hapa nchini, katika soko la magendo au kutoka kwa wenye nazo, kisha zikawasilishwa Benki Kuu kana kwamba zimetoka kwa mnunuzi wa Ulaya au Ghuba. Hapo analipwa milioni 35. Maadamu bei ya dola katika soko la magendo haikuzidi bei rasmi kwa zaidi ya asilimia 35, mtu huyo anapata faida bila gramu moja ya dhahabu kuvuka mpaka, na shilingi alizopata anaweza kununulia dola nyingine na kuanza upya.

Hapa ndipo asilimia 15 za ziada zinapopata maana yake. Kwa fidia ya asilimia 20 pekee, mzunguko huo usingekuwa na nafasi kubwa ya faida kila mara bei ya magendo ilipopanda. Kwa asilimia 35, ulikuwa na nafasi pana. Uamuzi ulioelezwa kuwa motisha kwa wauzaji nje uligeuka kuwa motisha ya kununua dola za Wakenya wenyewe na kuziuzia Benki yao Kuu kwa ziada iliyolipwa na walipa kodi. Nchi haikupata dola mpya. Dola zile zile zilibadilishana mikono, na kila zilipozunguka, shilingi mpya ziliingia mitaani.

Fidia ilikuwa mlango mmoja tu. Benki Kuu ilikuwa pia na mpango wa mikopo ya riba nafuu kwa wauzaji nje ili wagharimie bidhaa kabla ya kuzisafirisha, na mpango huo nao ulichotwa kwa mauzo ambayo hayakuwapo. Pattni alifungua benki yake, Exchange Bank, ambayo ilifanya biashara kubwa ya hati za fedha za kigeni ambazo Serikali ilianza kuzitoa mwaka 1991. Kisha mwaka 1993 yakafuata malipo ya shilingi bilioni 5.8 yaliyoidhinishwa na Hazina. Kila mlango ulikuwa na mlinzi wake kisheria: Idara ya Forodha, Hazina, idara ya usimamizi wa mabenki, mkaguzi wa hesabu. Hakuna sheria iliyobidi kufutwa ili fedha zipite. Ilitosha kwamba walinzi wote walimsikiliza mtu mmoja aliye juu yao.

Ni lazima pia kutaja uchaguzi. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Desemba mwaka huo Kenya ikarudisha vyama vingi. Na tarehe 29 Desemba 1992 wananchi wakapiga kura. Chama tawala kiliingia katika uchaguzi wa kwanza wenye ushindani kwa zaidi ya miaka ishirini kikiwa hakina misaada ya kutegemea, na mwaka huo shilingi zilimiminwa mitaani kwa kiasi ambacho Wakenya wa rika hilo hawajakisahau. Hizo hazikuwa zote za Goldenberg. Lakini Benki Kuu iliyokwisha kuzoea kulipa bila kuuliza isingeweza kusimama ghafla mbele ya siasa na kukataa.

Bili iliyowafikia wasiohusika

Takwimu za mwaka hadi mwaka zinasomeka hivi. Pato la taifa lilikua kwa takriban asilimia 4 mwaka 1990, likashuka hadi asilimia 1.4 mwaka 1991, likapungua kwa karibu asilimia 1 mwaka 1992, na mwaka 1993 likakua kwa chini ya nusu ya asilimia. Idadi ya watu katika kipindi hicho ilikuwa ikiongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, kwa hiyo kwa wastani kila Mkenya alikuwa maskini zaidi mwaka 1993 kuliko alivyokuwa mwaka 1990. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 27 mwaka 1992 na 46 mwaka 1993. Ukizidisha viwango hivyo viwili, kapu la bidhaa lililonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 1991 liligharimu takriban shilingi 185 miaka miwili baadaye. Mwalimu, askari au mfanyakazi wa shamba la chai ambaye mshahara wake haukupanda kwa kiasi hicho alikuwa amekatwa mshahara bila barua, bila mjadala bungeni, bila mtu wa kumlalamikia. Dola moja iliyouzwa kwa wastani wa shilingi 32 mwaka 1992 iliuzwa kwa shilingi 58 mwaka uliofuata, na mbolea, dizeli na dawa vikapanda pamoja nayo.

Msomaji makini atauliza kama yote haya ni ya Goldenberg, na jibu ni hapana. Ukame uliathiri mavuno ya miaka hiyo. Mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa yaliwafukuza wakulima kwenye mashamba yenye rutuba kuliko yote nchini. Misaada ilikuwa imekatika. Sehemu ya kuporomoka kwa shilingi ilikuwa marekebisho yaliyochelewa, kwa sababu kiwango rasmi kilikuwa kimeshikiliwa juu kwa muda mrefu na udhibiti ulipoanza kulegezwa mwaka 1993 thamani ya kweli ikajitokeza. Mtu anayedai kwamba kashfa moja iliangusha uchumi wote anarahisisha mambo kupita kiasi. Hata hivyo ukame haupandishi bei kwa asilimia 46 peke yake. Bei za vitu vyote kupanda kwa kasi hiyo huhitaji fedha nyingi mno zikifukuza bidhaa zile zile, na fedha hizo zilikuwa na chanzo kinachojulikana.

Madhara ambayo hayazungumzwi vya kutosha ni yale yaliyoletwa na tiba. Ili kuzinyonya shilingi zilizofurika, Benki Kuu ililazimika kuuza dhamana za muda mfupi za Hazina kwa riba iliyopanda mwaka 1993 hadi kupita asilimia 70. Fikiria maana yake kwa mwenye karakana ya vyuma huko Nakuru au Thika aliyetaka kukopa anunue mashine. Benki iliyokuwa ikipata zaidi ya asilimia 70 kutoka kwa Serikali, bila hatari yoyote, haikuwa na sababu ya kumsikiliza. Na hata kama ingemsikiliza, hakuna mashine ya kuchonga vyuma inayoweza kuzalisha faida ya kulipa riba ya namna hiyo. Mwenye fedha naye aliona afadhali kununua dhamana na kukaa nyumbani. Serikali, kwa upande wake, ilibeba deni la ndani ambalo riba yake ililipwa kutoka bajeti ile ile iliyotakiwa kukarabati barabara na kununua vitabu vya shule. Kwa maneno mengine, walipa kodi walilipia shilingi hizo zilipotoka, kisha wakalipa tena ili zirudi. Ukuaji wa uchumi wa Kenya kwa muongo mzima uliobaki ulikuwa hafifu, na ninaamini kwamba miaka hiyo miwili mitatu ya riba ya kuua biashara ilichangia zaidi kuliko watu wanavyokumbuka, maana kiwanda kisichojengwa hakionekani na hakina wafanyakazi wa kuandamana.

Karani wa Benki Kuu

Habari zilitoka kwa sababu ya David Munyakei, karani kijana katika idara ya Benki Kuu iliyoshughulikia ile mikopo ya wauzaji nje. Hati zilizopita mezani kwake hazikulingana, naye mwanzoni mwa mwaka 1993 akazifikisha kwa wabunge wa upinzani, Anyang' Nyong'o na Paul Muite. Alikamatwa, akawekwa rumande, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi aliipoteza na hakurudishwa. Alihamia Mombasa, kisha Narok, akaishi kwa shida. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunukia tuzo ya uadilifu, na miaka miwili baadaye akafariki akiwa maskini.

Kwa macho ya mchumi, kisa chake kina uzito kuliko huruma tunayomwonea. Serikali haiwezi kurekebisha kosa isilolijua, na wanaolijua kosa mapema ni watu wa ngazi za chini wanaoshika hati kwa mikono yao. Nchi inapowaadhibu, inajinyima taarifa ya bei nafuu kuliko zote. Kila mfanyakazi wa Benki Kuu, wa forodha na wa Hazina aliyeona yaliyompata Munyakei alijifunza bei ya kusema, na bei hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu za kashfa.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Julai 1993 Benki Kuu ilipata gavana mpya, Micah Cheserem. Exchange Bank na mabenki mengine yenye uhusiano wa kisiasa yalifungwa. Mpango wa fidia ukakomeshwa, na udhibiti wa fedha za kigeni ukaondolewa hatua kwa hatua hadi sheria yake ikafutwa mwaka 1995. Mabadiliko haya ya mwisho ndiyo ninayoyathamini zaidi. Soko la fedha za kigeni lilipokuwa wazi na bei ya dola kuwa moja, mzunguko niliouelezea hapo juu ulikosa mahali pa kusimama, hata kama angetokea mtu mwingine mwenye barua na marafiki wakubwa. Mwaka 1996 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa na kuwekwa ukomo wa kiasi ambacho Serikali inaweza kukopa kutoka kwa Benki hiyo, yaani asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa mara ya mwisho. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ikaweka wazi kwamba Benki Kuu haitaelekezwa na mtu wala mamlaka yoyote katika kazi zake. Mfumuko wa bei wa asilimia 46 haujarudi tena Kenya.

Upande wa haki mambo yalikwenda kinyume. Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire mwaka 2003, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2006. Ilieleza kwamba shilingi bilioni 158.3 zilizunguka kati ya kampuni na watu 487. Kiasi hicho ni jumla ya mizunguko, na wanaokitaja kuwa ndicho kilichoibwa wanakosea. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Fedha kibali kilipotolewa, alijiuzulu uwaziri mwezi Februari 2006, Mahakama Kuu ikaamuru jina lake liondolewe katika ripoti, na kabla mwaka haujaisha akarudi barazani. Mashtaka dhidi ya Pattni yalisimamishwa na Mahakama Kuu mwaka 2013, na jaji aliyetoa uamuzi huo aliondolewa kazini baadaye kwa sababu zilizohusu namna alivyoishughulikia kesi hiyo. Hata hoteli ya Grand Regency, mali kubwa kuliko zote iliyorudishwa, ilipouzwa na Serikali mwaka 2008 ilizua kashfa nyingine, na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, akalazimika kujiuzulu.

Tofauti kati ya pande hizo mbili inanishawishi kwamba tunaposema utawala unaathiri ukuaji, tunachanganya mambo mawili. Kenya ilirekebisha sheria zinazolinda sarafu na mikopo bila kumwadhibu mtu yeyote mkubwa, na uchumi wake ukaweza kukua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007. Wapo wanaotumia mfano huo kusema kwamba ufisadi hauna madhara makubwa kwa uchumi. Wanataja kwamba ukuaji huo ulikuja wakati ambapo kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba 18 ya vifaa vya usalama yenye thamani ya takriban dola milioni 770, ilikuwa imekwisha kufichuka tangu mwaka 2004, na John Githongo, aliyekuwa akisimamia vita dhidi ya ufisadi katika ofisi ya Rais, alikuwa ameachia ngazi mwaka 2005.

Jibu langu ni kwamba njia zilikuwa tofauti. Goldenberg ilipitia Benki Kuu, kwa hiyo ilifika sokoni katika miezi michache kama mfumuko wa bei. Anglo Leasing ilipitia mikataba ya mikopo na hati za ahadi za kulipa, kwa hiyo iliingia katika deni la miaka ijayo bila kugusa bei ya sukari ya mwezi huo. Takwimu za ukuaji za mwaka 2007 zisingeweza kuiona. Gharama yake ilionekana mwezi Mei 2014, wakati Kenya ilipotaka kuuza dhamana zake za kwanza katika soko la kimataifa na wawekezaji wakataka kujua madeni yote yenye kesi. Baada ya kushindwa katika mahakama za Ulaya, Serikali ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za mikataba ile ile ambayo kwa miaka kumi ilikuwa imesema ni hewa, na mwezi uliofuata ikakopa dola bilioni 2.